Mtoto amefanyiwa upasuaji wa moyo: namna ya kufuatilia vipimo vyake vya damu, kuanzia kabla ya kisu hadi kliniki

Katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, wanane hadi tisa huwa na hitilafu ya moyo ya kuzaliwa nayo. Kwa Tanzania, wengi wanaobahatika kufika kwenye upasuaji hupitia Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoanzishwa mwaka 2015 pale Upanga, ndani ya eneo la Muhimbili. Mzazi ametoka Kigoma au Newala, amefikia kwa ndugu Gongo la Mboto, na siku ya upasuaji anaonyeshwa mwanawe akiwa na mirija kila upande. Kisha anaanza kusikia maneno: lakteti iko juu kidogo, kreatinini imepanda, tunasubiri CRP.

Nimeandika haya kwa ajili ya mzazi huyo, na kwa muuguzi mgeni aliyepangiwa ICU ya watoto, yaani chumba cha wagonjwa mahututi, kwa mara ya kwanza. Mimi ni muuguzi, na kazi yangu imekuwa kando ya vitanda hivyo. Ukishika jambo moja tu, shika hili: usiulize namba ni ngapi, uliza inaelekea wapi na tangu saa ngapi. Vipimo vya damu vinatabiri kwa mwelekeo wake. Madaktari huamua dawa kwa kuangalia mwelekeo huo pamoja na mtoto mwenyewe, na wewe unaweza kuufuata.

Hatua ya 1: Nunua daftari, ukusanye majibu ya kabla ya upasuaji

Majibu ya baada ya upasuaji hayasomeki bila ya kabla. Chukua mfano wa kreatinini, kipimo cha figo. Mtoto wa miezi minne ameingia hospitali akiwa na mikromoli 25 kwa lita. Siku ya pili baada ya upasuaji karatasi inasema 50. Kwa mtu mzima 50 ni namba ya afya tele, na kama maabara imechapa viwango vya watu wazima pembeni, hakuna alama nyekundu wala nyota itakayokuonya. Lakini kwa mtoto huyu imeongezeka mara mbili, na figo zake zimeumia. Bila ile 25 kwenye daftari, habari hiyo inapita hivihivi.

Kwa kichanga wa siku chache tu, fahamu kwamba kreatinini aliyonayo kwa sehemu kubwa ni ya mama yake, aliyozaliwa nayo. Inatakiwa ishuke siku hadi siku. Ikikaa palepale bila kushuka, hiyo nayo ni dalili.

Andika pia wingi wa damu, yaani himoglobini. Mtoto mwenye midomo ya bluu, kwa mfano mwenye hitilafu ya moyo iitwayo tetralojia ya Fallot, mwili wake hutengeneza chembe nyekundu nyingi zaidi kufidia oksijeni anayoikosa. Kwake himoglobini ya 12, ambayo kwa mtoto mwingine tungeifurahia, inaweza kuwa ni upungufu. Daktari akisema aongezewe damu au apewe dawa ya madini chuma, usishangae.

Halafu kuna selimundu, na hapa naomba usome taratibu. Tanzania ni moja ya nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu. Kwenye upasuaji mkubwa wa moyo, damu hupitishwa kwenye mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu, na mara nyingi mwili hupoozwa. Baridi, asidi kwenye damu na oksijeni kidogo ndivyo vinavyofanya chembe za selimundu zijikunje na kuziba mishipa. Timu ikijua mapema inajipanga: joto, aina ya damu ya kuongeza, hata kubadilisha sehemu ya damu ya mtoto kabla. Tatizo ni kwamba kipimo cha haraka kinaweza kudanganya kwa mtoto wa chini ya miezi sita, kwa sababu bado ana himoglobini nyingi ya tumboni mwa mama. Kinadanganya pia kwa mtoto aliyeongezewa damu karibuni. Kipimo cha kuaminika ni kile kinachotenganisha aina za himoglobini maabara. Kama mwanao hajapimwa hicho, uliza. Na kama kwenye ukoo wenu kuna mwenye selimundu, sema hata usipoulizwa.

Ndugu wa kuchangia damu waandae mapema: wenye miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, wenye afya. Na kama siku mbili kabla mtoto amepata mafua, homa, au kipimo cha uvimbe na maambukizi kimepanda, upasuaji unaweza kuahirishwa. Najua nauli imeshalipwa na ruhusa ya kazini inaisha. Kubali tu. Mapafu yenye maambukizi yakikutana na ile mashine, mtoto hulipa gharama kubwa kuliko nauli.

Hatua ya 2: Andika saa

Daktari wa upasuaji akija kuzungumza nanyi, muulize mambo mawili na uandike dakika zake: mtoto amekaa kwenye mashine kwa muda gani, na moyo ulisimamishwa kwa muda gani. Kadiri muda ulivyokuwa mrefu, ndivyo karibu kila kipimo cha damu kinavyotarajiwa kuwa juu zaidi mwanzoni. Mtoto aliyezibwa tundu moja na mtoto mchanga aliyebadilishiwa mishipa mikubwa hawalinganishwi, hata wakilala vitanda jirani.

Andika vilevile saa aliyotoka kwenye mashine. Kati ya saa 6 na 18 baadaye moyo wa mtoto mdogo mara nyingi hulegea kabla haujapata nguvu, na kwa wengi hali huwa chini zaidi kwenye saa ya 9 hadi ya 12. Hesabu kwa saa zetu: aliyetoka kwenye mashine saa tisa alasiri, kipindi chake kigumu ni saa sita hadi saa tisa usiku. Ndiyo maana familia huambiwa jioni kwamba upasuaji umeenda vizuri, na asubuhi inakuta dawa za moyo zimeongezwa. Hakuna aliyedanganya jioni ile. Mkijua hivyo, mtalala (au mtakesha) mkiwa na picha sahihi.

Hatua ya 3: Fuata lakteti kuliko kitu kingine chochote usiku wa kwanza

Lakteti huzalishwa kwa wingi pale seli zinapolazimika kutengeneza nguvu bila oksijeni ya kutosha. Moyo ukisukuma damu vizuri, ini na figo huisafisha na namba inashuka. Moyo ukilegea, inapanda, na inaweza kupanda kabla presha haijashuka. Hapo ndipo thamani yake ilipo. Mtoto mchanga anajua sana kuilinda presha yake kwa kubana mishipa ya mikono na miguu, kwa hiyo kwenye skrini presha inaonekana nzuri huku viungo vya ndani vina njaa.

Kipimo chenyewe ni kidogo. Muuguzi anavuta damu chini ya mililita moja kutoka kwenye mrija uliopo kwenye ateri, anaipeleka kwenye mashine ya gesi ya damu iliyo palepale wodini, na baada ya dakika chache kinatoka kikaratasi chembamba chenye asidi, oksijeni, sukari, potasiamu, kalsiamu na lakteti. Kwa kawaida lakteti ni chini ya milimoli 2 kwa lita. Mtoto aliyetoka kwenye mashine ya moyo na mapafu karibu lazima awe juu ya hapo.

Tuseme kuna watoto wawili. Wa kwanza anaingia ICU na lakteti ya 6.4. Baada ya saa nne ni 4.8, saa ya nane ni 3.1, asubuhi ni 1.9. Wa pili anaingia na 3.2, kila mtu anafurahi, na saa nne baadaye ana 6.4. Ninayemhofia mimi ni wa pili. Amepanda 3.2 ndani ya saa nne, yaani 0.8 kila saa. Mwaka 2000 madaktari wa Michigan, Marekani, walichapisha utafiti wa watoto wachanga waliofanyiwa upasuaji mgumu wa moyo, na wakakuta kwamba kupanda kwa 0.75 au zaidi kila saa kuliendana na matokeo mabaya kuliko ukubwa wa namba peke yake ulivyoweza kuonyesha. Hesabu hiyo, kutoa na kugawanya, unaweza kuifanya kwenye daftari lako.

Lakini lakteti ina njia tatu za kupotosha, na muuguzi mgeni azijue kwa moyo.

Ya kwanza ni adrenalini. Dawa hii ya kuusaidia moyo huongeza lakteti yenyewe, na sukari nayo hupanda. Mtoto huyo utamkuta miguu ina joto, mkojo unatoka, anaonekana vizuri, na lakteti ni 5. Daktari atapima yote kwa pamoja kabla hajaogopa.

Ya pili ni namna damu ilivyochukuliwa. Kisigino kilichokamuliwa kwa nguvu au mkono uliofungwa mpira kwa muda mrefu hutoa lakteti ya uongo, na potasiamu ya uongo pia kwa sababu chembe zimepasuka.

Ya tatu ni kuchelewa. Chembe nyekundu zinaendelea kutengeneza lakteti hata zikiwa ndani ya bomba la sindano, na joto la Dar es Salaam linaharakisha. Damu ipimwe mara moja. Ikilazimu kusubiri, iwe kwenye barafu, na hata hivyo isisubiri sana. Namba ikikataa kufanana na mtoto, rudia kipimo kabla ya kubadilisha dawa.

Mzazi, usishike mirija, lakini ukiruhusiwa kuingia mshike mtoto unyayo. Unyayo wa baridi mpaka kwenye goti, pamoja na lakteti inayopanda na mkojo unaopungua, ni mambo matatu yanayosema sentensi moja. Mwambie muuguzi ulichokihisi. Mama mmoja wa Lindi alikuwa akiingia, anasalimia, anashika vidole vya miguu vya mwanawe, kisha ananiuliza swali lilelile kila mara: "Dada nesi, imeshuka?" Hakuwahi kuniuliza ni ngapi. Alikuwa anafuatilia vizuri kuliko ndugu wengi wenye shahada.

Kuhusu damu inayochukuliwa: wazazi wengi hulalamika kwamba tunamaliza damu ya mtoto, na hoja yao ina msingi. Mtoto ana takriban mililita 80 za damu kwa kila kilo. Mwenye kilo 4 ana mililita 320 mwili mzima, karibu sawa na chupa moja ya soda. Kwa hiyo kila kipimo kiwe na sababu, zitumike chupa ndogo za watoto, na damu ya kwanza inayovutwa kusafisha mrija irudishwe kwake pale inapowezekana kuirudisha kwa usafi. Una haki ya kuuliza kwa upole kipimo hiki ni cha nini. Lakini usiombe vipimo vya lakteti vipunguzwe usiku wa kwanza.

Hatua ya 4: Figo, yaani mkojo kwanza na karatasi baadaye

Kipimo bora cha figo kwenye ICU yoyote ni ule mfuko unaoning'inia kitandani. Mkojo ukiwa chini ya nusu mililita kwa kilo kwa saa, kwa muda wa saa sita, hilo ni jeraha la figo kwa vigezo vya kimataifa hata kama kreatinini bado nzuri. Kwa mtoto wa kilo 5 ni mililita 2.5 kwa saa. Tunapenda kuona walau 5.

Kwa upande wa damu, kigezo ni kreatinini kupanda kwa mikromoli 26.5 ndani ya saa 48, au kufika mara moja na nusu ya ile ya awali ndani ya siku saba. Udhaifu wake ni uvivu. Figo huumia saa ya kwanza, kreatinini huja kusema kesho au keshokutwa. Tena mtoto aliyejaa maji baada ya upasuaji, amevimba macho na mikono, kreatinini yake imechanganywa na maji hayo na inaonekana ndogo kuliko ilivyo.

Ndiyo sababu protini iitwayo NGAL ilileta matumaini. Mwaka 2005 timu ya Cincinnati ilipima watoto 71 waliopita kwenye mashine ya moyo na mapafu. Ishirini kati yao walipata jeraha la figo. Kreatinini ilihitaji siku moja hadi tatu kulionyesha, wakati NGAL ilikuwa imepanda ndani ya saa mbili. Ni kipimo kizuri, ila hakipo kila mahali. Kama hospitali yako haina, mkojo unaoandikwa kila saa kwa uaminifu unaziba sehemu kubwa ya pengo hilo. Namaanisha kuandikwa kila saa, si kukadiriwa mwisho wa zamu.

Mkojo ukigoma kabisa, daktari anaweza kusafisha damu kupitia mrija wa tumboni, yaani dayalisisi. Neno hilo linawatisha wazazi. Kwa watoto wengi ni msaada wa siku chache, wakati figo zinajiponya.

Hatua ya 5: Vipimo vya moyo wenyewe

Troponini hutoka kwenye msuli wa moyo uliojeruhiwa. Baada ya upasuaji hupanda kwa kila mtoto, kwa sababu msuli umekatwa na kushonwa, kwa hiyo kuwa juu si habari. Habari ni kutoshuka. Baada ya siku ya kwanza inapaswa kuwa inateremka. Ikibaki juu au ikipanda tena, hasa kwa kichanga aliyebadilishiwa mishipa mikubwa, daktari atataka kuhakikisha kwamba mishipa midogo inayoulisha moyo haijabanwa. Atatumia eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, na kipimo cha umeme wa moyo. Usilinganishe namba ya hospitali moja na ya nyingine: mashine tofauti hutoa namba tofauti.

NT-proBNP ni tofauti. Hutolewa na moyo uliovutwa na kuelemewa. Umri ni kila kitu hapa. Mtoto mwenye afya wa siku mbili anaweza kuwa na zaidi ya pikogramu 10,000 kwa mililita bila tatizo lolote, na akishavuka mwezi mmoja tunategemea iwe chini ya takriban 650. Nimeona karatasi ya kichanga ikimfanya baba alie kwenye korido kwa sababu alisoma mtandaoni viwango vya wazee. Pia hutolewa mwilini na figo, hivyo figo zikiumia nayo itabaki juu hata moyo ukiwa unapona. Kazi yake kubwa naiona katika majuma yanayofuata: tundu likishazibwa vizuri, namba hii inateremka. Ikigoma kuteremka, kuna kitu bado kinauelemea moyo, pengine tundu lililobaki au vali inayovuja, na eko irudiwe.

Hatua ya 6: Maambukizi, au ni mwili unajibu kisu tu?

CRP, kile kipimo cha uvimbe na maambukizi, hupanda kwa kila mtoto aliyepasuliwa moyo na kufika kilele siku ya pili au ya tatu. Kwa hiyo CRP kubwa siku ya pili haithibitishi maambukizi, na kubadilisha antibiotiki kwa sababu hiyo peke yake kunazalisha usugu wa vijidudu. Prokalsitonini, kipimo kingine cha maambukizi, huwahi zaidi: kilele chake ni karibu siku ya kwanza, kisha inashuka. Kinachotushtua ni mlima wa pili. Namba zilishaanza kushuka, siku ya tano zinapanda, mtoto ana homa au amechoka, sahani za damu (chembe zinazosaidia damu kuganda) zimepungua, maziwa hayapiti. Hapo damu ichukuliwe ya kuotesha vijidudu kabla ya dozi ya kwanza ya dawa mpya. Ikichukuliwa baada ya dawa, mara nyingi haioteshi kitu, na mnabaki kubahatisha.

Vipo vipimo vingine vinavyochunguzwa na watafiti, kama GFAP na S100B vinavyoangalia majeraha ya ubongo. Bado ni vya tafiti zaidi kuliko vya kitandani. Mtu akikuuzia kipimo cha gharama kubwa nje ya hospitali kwamba kitakwambia mtoto atapona au la, mweleze daktari wako kwanza. Na kwa kipimo chochote, kumbuka kinatabiri kwa makundi ya watoto. Nimewauguza waliovuka usiku wenye namba za kutisha wakaondoka wakinyonya.

Hatua ya 7: Namna ya kuuliza

Raundi ya asubuhi ni fupi na daktari ana vitanda vingi. Njoo na daftari lenye safu nne: saa, lakteti, mkojo, dawa za moyo zimeongezwa au zimepunguzwa. Hiyo safu ya mwisho ina maana kubwa, kwa sababu lakteti inayoshuka huku dawa zinapunguzwa ni nzuri kuliko inayoshuka kwa sababu dawa zimeongezwa maradufu. Kisha uliza: "Daktari, tangu jana usiku anaelekea wapi? Na ni kitu gani leo kikitokea kitakupa wasiwasi?" Swali la pili ndilo linalofungua mazungumzo ya kweli. Kama Kiswahili chake kimejaa maneno ya kitabibu, mwambie arudie. Atarudia.

Mpangeni msemaji mmoja wa ukoo. Baba akiuliza asubuhi, shangazi mchana na mjomba kwa simu jioni, kila mmoja huondoka na namba ya saa tofauti, na familia inaanza kugombana kuhusu nani amedanganywa.

Hatua ya 8: Nyumbani na kliniki

Watoto wengi huondoka na dawa ya kutoa maji mwilini. Dawa hiyo hupunguza potasiamu na chumvi nyingine, kwa hiyo damu hupimwa kliniki hata mtoto akiwa anacheka. Tumia maabara ileile kila mara, ili namba zilinganishwe na zenyewe. Usimpe mitishamba katika kipindi hiki. Baadhi huumiza figo ambazo ndiyo kwanza zimepona, na daktari akiona kreatinini imepanda hatajua pa kuanzia.

Kati ya juma la kwanza na la sita, baadhi ya watoto hupata homa na kujaa maji kuzunguka moyo, CRP ikiwa juu tena, bila kijidudu chochote. Mara nyingi hali hiyo hutibika vizuri ikiwahiwa. Kwa hiyo homa ya nyuzi 38 kwa mtoto aliyepasuliwa moyo haitibiwi kwa dawa ya duka la jirani. Mrudishe siku hiyohiyo pia akipumua haraka, akitokwa jasho anaponyonya, akiwa na nepi kavu kuliko kawaida, midomo ikiwa ya bluu, au kidonda kikitoa majimaji. Akianza kulegea au kupauka, nendeni hospitali iliyo karibu zaidi, iwe Temeke au Amana, msishindane na foleni ya kwenda Upanga. Beba daftari. Daktari wa zamu ambaye hajawahi kumwona mwanao atahitaji mambo matatu kutoka kwenye kurasa zako: aina ya upasuaji, kreatinini ya mwisho, na dawa anazotumia na kiasi chake.